Maswali ya kwenye simu yapelekwe maktaba

Ndugu Mhariri,

Kila linapozuka suala la habari za uongo katika mitandao ya kijamii, wanaoitwa kutoa maoni ni wale wale: ofisa wa polisi anayeshughulikia makosa ya mtandao, mwanasheria, msemaji wa mamlaka ya mawasiliano, na siku hizi mtaalamu wa kompyuta. Kila mmoja husema la kwake, na aghalabu husema kweli. Asiyeitwa ni mkutubi, ambaye kazi yake ya kila siku tangu alipotoka chuoni ni kumsaidia mtu kupata taarifa, kujua imetoka wapi, imeandikwa na nani, lini, na inaweza kutegemewa kwa kiasi gani. Nimeifanya kazi hiyo katika maktaba za umma mikoani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nami naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naona kumwacha mkutubi nje ya suala hili ni hasara kubwa, na nini kifanyike ili apewe nafasi yake.

Hadi sasa tumeegemea mno upande wa sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 16, inamtia hatiani anayechapisha taarifa huku akijua kuwa ni za uongo na akikusudia kuupotosha umma; baadaye zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 na zile zilizochukua nafasi yake mwaka 2020. Sina ugomvi na dhamira ya kumwadhibu mtu anayetunga uongo ili kuwaumiza wengine. Hata hivyo mtungaji ni mmoja, wasambazaji ni maelfu, na wengi wa hao maelfu ni watu wema kabisa. Ni shangazi anayewatumia watoto wa kaka yake ujumbe kuhusu mizizi inayoponya kisukari. Ni katekista anayewaonya waumini wake kuhusu chanjo. Ni mweka hazina wa kikoba anayewapelekea wenzake tangazo la mikopo isiyo na riba lenye nembo ya taasisi ya serikali. Wanatuma kwa sababu wanawapenda wanaowatumia, na hawajui kuwa walichotuma si kweli. Sheria haiwafikii watu hao, wala haistahili kuwafikia. Kinachowafikia ni hofu tu, na mtu mwenye hofu haulizi. Hufuta ujumbe kimyakimya, akabaki na imani ile ile aliyokuwa nayo.

Upo pia ugumu wa kasi. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya mwaka 2006 na 2017. Waliona kwamba uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulizidi ule wa habari ya kweli kwa asilimia 70, na kwamba habari ya kweli ilichukua muda wa takribani mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Waliona pia kwamba waliousukuma uongo huo zaidi walikuwa ni binadamu wenyewe, wala si programu za kompyuta, kwa sababu uongo una ugeni na mshangao ambao kweli mara nyingi haina. Kwa hiyo kanusho la wizara, hata likitoka siku hiyo hiyo, huwakuta watu wamekwisha kuamini. Tena sisi tunazo nyenzo za kuusaidia uvumi ndani ya lugha yetu wenyewe: mara ngapi tumesikia mtu akiulizwa ushahidi, naye akajibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja?

Ikumbukwe vilevile kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo yetu haipo mahali ambapo mhakiki wa habari anaweza kuyaona. Yapo ndani ya makundi ya WhatsApp ya familia, ya mtaa, ya waliosoma pamoja, ya kwaya na ya vikoba, na ujumbe wa humo umefungwa kwa njia ambayo hata kampuni yenyewe haiusomi. Mwezi Aprili mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, kampuni hiyo ilipunguza idadi ya makundi ambayo ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ungeweza kutumwa kwa mara moja, likabaki kundi moja tu. Hatua hiyo ilipunguza kasi, lakini haikumpa mpokeaji uwezo wa kupambanua alichokipokea. Taasisi za kuhakiki habari zipo na zinafanya kazi ya heshima: Africa Check ilianza mwaka 2012 kule Johannesburg, PesaCheck inafanya kazi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na hapa nyumbani wapo NuktaFakti na JamiiCheck. Tatizo ni kwamba anayezisoma taasisi hizo ni yule ambaye tayari ana mashaka na anajua pa kuyapeleka. Yule asiyejua anahitaji mtu wa karibu, anayeaminika, aliye katika mji wake, ambaye anaweza kumwendea na simu mkononi na kumuuliza bila kuona haya.

Mtu huyo yupo, na mshahara wake tayari unalipwa na umma.

Wengi wanamdhania mkutubi kuwa ni mtu wa kugonga mihuri ya tarehe na kuwanyamazisha wanafunzi. Moyo wa kazi yetu ni dawati la rejea, yaani meza ambako msomaji huleta swali lake, na ufundi wa dawati hilo ni kuuliza. Mama anakuja akisema, "Naomba kitabu cha sheria." Mkutubi mwenye uzoefu hamwelekezi moja kwa moja kwenye rafu ya sheria. Anamkaribisha, anamuuliza taratibu, na baada ya dakika chache inabainika kwamba mume wake amefariki, ndugu wa mume wanadai kiwanja, na anachohitaji ni kujua namna ya kufungua shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Swali la kwanza mara nyingi silo swali lenyewe. Ndivyo ilivyo kwa ujumbe wa kwenye simu. Anayeuliza kama ni kweli kwamba chanjo fulani inaua kizazi, nyuma ya swali hilo ana binti, ana fomu aliyoletewa kutoka shuleni, na ana mama mkwe anayesema asithubutu. Mhakiki wa mtandaoni hujibu kuhusu chanjo, lakini hajui habari za fomu wala mama mkwe.

Nitoe mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu ndani yake yamo karibu yote ninayotaka kuyasema. Mwaka 2024, wakati serikali ilipopanua chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ili wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapate dozi moja badala ya utaratibu ulioanza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, mama mmoja alikuja maktaba na ujumbe wa sauti aliotumiwa katika kundi la kikoba chake. Msemaji alijitambulisha kuwa ni daktari, ingawa hakutaja jina wala hospitali. Alisema kwamba Japani imeipiga marufuku chanjo hiyo baada ya kugundua inaharibu wasichana, na kwamba sasa imeletwa Afrika ili iishe. Mama yule aliniuliza, "Mwalimu, hawa Wajapani si watu wa kisayansi? Wao wameikataa, sisi tunaipokea?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili timamu, na halikustahili kujibiwa kwa kuambiwa kwamba huo ni uzushi, basi. Tuliketi pamoja mbele ya kompyuta, yeye akiangalia na mimi nikitafuta. Hatukuanza na ule ujumbe wa sauti, kwa sababu ndani yake hamkuwa na chochote cha kushika isipokuwa jina la nchi moja na madai kwamba imepiga marufuku. Tukalifuata jina hilo. Ikaonekana kwamba mwezi Juni mwaka 2013 wizara ya afya ya Japani kweli ilisimamisha jambo fulani: iliacha kuwahimiza wazazi moja kwa moja kuwachanja mabinti zao, baada ya taarifa za baadhi ya wasichana kupata maumivu na dalili nyingine. Haikuipiga marufuku, aliyeitaka aliendelea kuipata bila malipo. Hata hivyo woga ulitosha, na kiwango cha wasichana waliochanjwa kilishuka kutoka takribani asilimia 70 hadi chini ya asilimia moja. Kisha ushahidi ukachunguzwa kwa miaka, haukuonesha kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha dalili zile, na mwezi Aprili mwaka 2022 Japani ikarudi kuwahimiza wazazi, ikiwamo kuwapa nafasi wale waliokosa katika miaka ya katikati. Kwa hiyo ujumbe ule ulikuwa umechukua kipande cha jambo la kweli la zaidi ya miaka kumi iliyopita, ukakibadilisha jina kutoka kusimamisha uhimizaji kuwa marufuku, na ukaficha kilichofuata. Tukaendelea kidogo, tukakuta pia utafiti wa Scotland uliochapishwa mapema mwaka ule ule wa 2024, ambao haukupata hata mwanamke mmoja mwenye saratani hiyo miongoni mwa waliochanjwa kikamilifu wakiwa na umri wa miaka 12 au 13.

Nilimwambia wazi kwamba mimi si daktari na kwamba sitamwambia afanye nini kuhusu mwanawe. Tuliandika kwenye karatasi maswali aliyobaki nayo, likiwamo lile la kizazi, akayapeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya. Uamuzi ulikuwa wake. Jambo lililonifurahisha zaidi ni alichokifanya kabla ya kuondoka. Aliomba nimwandikie zile tarehe mbili, mwaka 2013 na mwaka 2022, halafu pale pale mlangoni akarekodi ujumbe wake wa sauti, kwa lafudhi yake na kwa maneno yake, akautuma katika lile lile kundi la kikoba. Hakuna wizara wala gazeti ambalo lingeweza kuingia humo. Aliyeingia ni mwanachama mwenyewe, anayejulikana kwa jina na kwa uaminifu wake wa marejesho, tena akiwa na tarehe mkononi.

Kazi ya mkutubi iishie hapo. Simwombei cheo cha hakimu wa ukweli, na nitakuwa wa kwanza kupinga iwapo maktaba zitageuzwa kuwa ofisi za kutoa mihuri ya kweli na uongo. Anachotoa mkutubi ni njia: maneno haya yalisemwa wapi kwanza, ushahidi wake ni upi, nani mwingine amelizungumzia jambo hili, na nani mwenye utaalamu anaweza kuulizwa zaidi. Mwaka 2017 Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba lilitoa bango la ushauri wa namna ya kutambua habari za uongo, na miongoni mwa hatua zake nane, ya mwisho inamtaka msomaji awaulize wenye ujuzi, ikimtaja mkutubi kwa jina la kazi yake. Bango hilo limebandikwa katika maktaba nyingi duniani. Lakini kubandika bango kuna maana pale tu ambapo yupo wa kuulizwa, ana muda, na ana intaneti inayofanya kazi.

Najua litakuja pingamizi kwamba wanaodhurika zaidi na uvumi ndio wasiokanyaga maktaba. Ni pingamizi zito. Mwezi Oktoba mwaka 2016, katika Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliokuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo, waliuawa na watu waliodhani kuwa ni wanyonya damu. Hofu ya mumiani ilikuwapo katika nchi hii tangu zama za ukoloni, na haikuhitaji simu ili iue. Sitadai kwamba rafu ya vitabu ingewaokoa watu wale watatu mbele ya kundi lililokwisha kupandwa na hasira. Ninachodai ni kwamba hofu ya namna hiyo haizaliwi asubuhi ya tukio; hujengeka kwa miaka katika mahali ambapo hakuna mazoea ya kuuliza ni nani hawa, wametumwa na nani, na tutahakikishaje. Mazoea hayo hufundishwa kabla.

Na tuliwahi kuyafundisha. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza vipindi vya Radio Tanzania, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kusoma pamoja na wenzake. Viongozi hao walifikia takribani 75,000. Walioibuni kampeni ile walielewa jambo ambalo sisi wa leo, wenye simu mkononi, tumelisahau: kwamba kutangaza hakutoshi, kwamba mtu huamini na kubadilika anapolijadili jambo na watu anaowafahamu, maandishi yakiwa mbele yao na mmoja wao akiwa amejiandaa. Wapenzi wa historia ya elimu ya watu wazima wanakumbuka pia kwamba katika miaka ile ile maktaba za vijijini zilianzishwa ili waliojifunza kusoma wasije wakasahau. Maktaba na elimu ya watu wazima vilikwenda pamoja. Leo mkutubi wa mkoa anaweza kabisa kuwa kiongozi wa aina ile, akatoka nje ya jengo lake mara moja kwa mwezi, akaenda kwenye kikoba, kwenye kijiwe cha bodaboda, kwenye madrasa na kwenye mkutano wa jumuiya ndogondogo, akiwa na ujumbe mmoja unaozunguka wiki hiyo, wakaufuatilia pamoja hadi mwanzo wake.

Anayedhani kwamba stadi hii ni ya wasomi tu na atazame kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wakishirikiana na wenzao wa Norway walifanya jaribio katika shule za msingi 120, likiwahusisha watoto zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha picha na mafunzo ya muhula mmoja kuhusu namna ya kupima madai ya tiba: je, mtu kupona baada ya kutumia dawa fulani kunathibitisha kwamba dawa hiyo ndiyo iliyomponya, na je, walilinganishwa na wasioitumia? Mwishoni, asilimia 69 ya watoto waliofundishwa walifaulu mtihani wa kupima madai hayo, ikilinganishwa na asilimia 27 ya wale ambao hawakufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet. Ikiwa mtoto wa Kampala mwenye umri wa miaka kumi au kumi na mbili anaweza kujifunza hayo kwa muhula mmoja, hakuna sababu ya kusema kwamba mtu mzima wa Singida au Lindi hawezi.

Pingamizi la pili ni la imani, nalo halisemwi kwa sauti kubwa ingawa lipo vichwani mwa wasomaji. Mkutubi wa umma ni mtumishi wa umma. Je, raia akija na ujumbe unaoituhumu serikali, atasaidiwa kwa haki, au ataambiwa tu kwamba ni uzushi? Jibu langu ni kwamba hapo ndipo maktaba inapoonesha kama ni maktaba kweli. Chukua mfano wa ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila mwaka, inapowasilishwa bungeni mwezi Aprili, mitandao hujaa tarakimu: mabilioni haya yameibwa hapa, mabilioni yale yamepotea pale. Baadhi ya tarakimu hizo zimo katika ripoti kama zilivyo, nyingine zimechanganywa, na nyingine ni hoja za ukaguzi kuhusu nyaraka zilizokosekana ambazo msambazaji amezigeuza kuwa wizi. Mkutubi hahitaji kuitetea serikali wala kuilaumu. Anafungua ripoti yenyewe, ukurasa wenyewe, anamwachia raia asome, na kama raia hasomi Kiingereza anamweleza kilichoandikwa. Wakati mwingine ripoti itakuwa nzito kuliko hata ujumbe uliosambazwa, na hilo nalo raia ana haki ya kuliona. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Lakini ili mkutubi afanye hivyo bila wasiwasi wa kuitwa ofisini kesho yake, Bodi ya Huduma za Maktaba itoe mwongozo wa maandishi unaomlinda anayeonesha chanzo halali kwa mtu yeyote, kuhusu jambo lolote, na wakati wowote, hata wa uchaguzi. Bila ulinzi huo haya yote niliyoyaandika yatakuwa maneno matupu.

Lipo na la kwetu wenyewe wakutubi. Kwa muda mrefu tumewafundisha wasomaji kukagua tovuti kwa orodha: tazama anwani, tazama tarehe, tazama kama kuna jina la mwandishi, tazama kama lugha ni safi. Orodha hizo zilifaa zamani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakiwapa kurasa za intaneti wazipime. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walibaki ndani ya ukurasa, wakausoma kwa makini kutoka juu hadi chini, wakadanganywa na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki waliuacha ukurasa karibu mara moja, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti ile, na ndio waliopata jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi. Sasa ambapo akili unde inaweza kuandika Kiswahili kisicho na kosa, kuiga sauti ya kiongozi na kutengeneza picha ya ajali ambayo haijatokea, kumwambia msomaji atazame makosa ya kisarufi ni kumpoteza. Inafaa Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka cha Bagamoyo kiuweke ufuatiliaji wa chanzo, utafutaji wa asili ya picha na usikilizaji wa muulizaji mwenye hofu katika mafunzo ya msingi ya kila mwanafunzi, na wale walio kazini warudishwe darasani kwa awamu.

Kuhusu nyenzo sitasema mengi, maana kila mwenye kazi ya umma analalamikia bajeti. Nitataja mbili tu. Kwanza, kila maktaba ya mkoa iwe na namba moja ya simu inayopokea ujumbe wa maandishi, picha na sauti, ili mtu wa wilayani asilazimike kupanda basi kuja kuuliza jambo ambalo lingejibiwa kwa dakika ishirini; na mkutubi apewe bando la kazi, asitumie la mfukoni mwake. Pili, saa za kufungua zifikiriwe upya. Muuza mboga na fundi seremala hupumzika jioni, na jioni ndipo ujumbe hutembea, ilhali maktaba zetu nyingi huwa zimefungwa.

Sasa nikugeukie wewe, Mhariri, kwa sababu magazeti nayo yamo ndani ya jambo hili kuliko yanavyodhani. Mojawapo ya uongo unaosambaa sana ni kurasa za mbele za magazeti zilizochezewa: nembo ni ya kweli, tarehe ni ya kweli, kichwa cha habari kimepachikwa. Nyingine ni maneno anayosingiziwa Mwalimu Nyerere, ambayo huibuka kila mwezi Oktoba na kila kipindi cha uchaguzi, yakiwa na picha yake na mkazo wa sauti yake, lakini hayaonekani katika hotuba zake zilizochapishwa wala katika magazeti ya siku hizo. Dawa ya yote mawili ni gazeti lenyewe, likiwa limehifadhiwa na linapatikana. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji kuwasilisha nakala za machapisho yao, na matoleo ya zamani yaliyopo Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yamewasaidia watafiti wengi. Lakini mkutubi wa Sumbawanga au Mtwara aliyeletewa picha ya ukurasa wa gazeti la miaka ishirini iliyopita hana mahali pa kuulinganisha, na aliyemletea hawezi kusafiri hadi Dar es Salaam kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwako na kwa wahariri wenzako. Mnapochapisha kanusho, msiandike tu kwamba taarifa fulani si ya kweli. Andikeni ilianzia wapi kwa kadiri mlivyoweza kufuatilia, kipande kipi ndani yake kilikuwa cha kweli, na mlijuaje, ili mkutubi alikate kanusho hilo, alibandike kwenye ubao wake na alitumie dawatini. Pia nakala za matoleo yenu ya zamani, angalau kurasa za mbele na za habari za kitaifa, ziwekwe katika mfumo wa kidijitali na zifunguliwe bila malipo kwenye kompyuta za maktaba za mikoa, hata kama msomaji wa nyumbani ataendelea kulipia. Gharama ya kufungua huduma hiyo kwa majengo machache ya umma ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kukanusha kurasa bandia kila wiki. Gazeti lako likikubali kuanza na matoleo ya miaka mitano tu ya karibuni katika mikoa miwili au mitatu, wapo wakutubi ninaowafahamu walio tayari kuipokea kazi hiyo, kuweka faharasa ya vichwa vya habari na kukuletea kila mwezi maswali ambayo wananchi wameyauliza.

Mkutubi mstaafu,
Morogoro